Meli Isipofika: Habari za Stima za Pwani ya Uskoti

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)

Ninyi vijana mliojazana nyuma karibu na mlango. Najua kwa nini mmekaa karibu na mlango. Hata sisi tulikaa hapo hapo, na kwa sababu hiyo hiyo. Nitajitahidi nisiwacheleweshee chakula.

Katibu aliponialika aliniomba nizungumze juu ya kazi yangu. Kazi yangu, kama wengine mjuavyo, imekuwa chini ya sitaha, katika vyumba vya mitambo, mahali penye joto na kelele ambapo mtu hujifunza kutosema sana. Lakini sehemu ya mafunzo yangu niliipata Glasgow, katika nchi ya Uskoti, na huko nilishikwa na hamu ya kujua habari za meli zao ndogo ndogo za abiria, zile zinazopita pwani na visiwani. Meli kubwa za kwenda Marekani zimekwisha kuandikiwa vitabu vya kutosha. Mimi nataka kusema juu ya meli iliyobeba barua, kondoo, gunia la unga na mwalimu mgeni anayekwenda kuripoti kazini. Historia ya meli hizo ina swali moja ndani yake, nalo ni hili: meli ikienda mahali penye watu wachache, ambao nauli zao haziwezi kununua hata makaa ya safari, ni nani alipe ili iendelee kwenda?

Pengine kijana mmoja anajiuliza, Uskoti inatuhusu nini sisi? Basi wazee waliomo humu waliokuja shuleni kwa meli ya Victoria wakitokea Bukoba, walale sitahani juu ya magunia ya ndizi, walikuwa wamelala juu ya kazi ya mafundi wa Glasgow. Meli ile ilijengwa na kampuni ya Yarrow huko Scotstoun mwaka 1959, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kisumu, ikaungwa upya, na mwaka 1961 ikaanza kazi. Kabla yake Usoga na Rusinga zilitoka Paisley, mji ulio jirani na Glasgow. Na stima ndogo iliyozitangulia zote hapo Kisumu, nayo pia ya Paisley, iliitwa William Mackinnon, kwa jina la Mskoti mmoja mzaliwa wa Campbeltown ambaye kampuni yake, British India, ilianza kuleta barua Unguja kwa meli mwaka 1872. Bwana huyo hakutuletea meli kwa kutupenda; alikuwa mfanyabiashara, na baadaye kampuni yake nyingine ilipewa hati ya kuitawala nchi ya Kenya kana kwamba ni duka. Lakini alikotoka alikuwa amekwisha kuona stima inavyoweza kugeuza maisha ya pwani. Na tuanzie huko.

Mwanzo wa mambo ni mtu aitwaye Henry Bell. Bell hakuwa baharia. Alikuwa na hoteli yenye mabafu katika mji wa Helensburgh, kwenye mlango wa mto Clyde, na mkewe Margaret ndiye aliyeiendesha. Hoteli ilikuwa nzuri, ila wageni kutoka Glasgow walikuwa na taabu ya kufika. Kwa farasi njia ilikuwa mbaya, na kwa mashua ya tanga ilitegemea upepo. Basi Bell akaagiza chombo kwa fundi John Wood wa Port Glasgow, mtambo kwa John Robertson, na boila kwa David Napier. Chombo kikaitwa Comet, yaani nyota yenye mkia, maana nyota ya namna hiyo ilikuwa imeonekana angani mwaka uliotangulia.

Mwezi wa Agosti 1812 Comet ikaanza kuchukua abiria kati ya Glasgow, Greenock na Helensburgh. Nauli ilikuwa shilingi nne chumba bora na shilingi tatu chumba cha pili. Urefu wake haukufika futi hamsini. Nguvu ya mtambo wake ilikuwa kama ya farasi watatu au wanne. Leo pikipiki yoyote ya bodaboda inaishinda. Dohani yake ilikuwa ndefu hata ikatumika kama mlingoti wa kufungia tanga. Ubavuni ilikuwa na magurudumu yenye mbao za kupiga maji, kama makasia yaliyofungwa kwenye gurudumu la mkokoteni. Huko Marekani Robert Fulton alikuwa amekwisha kufanya hivyo tangu 1807 katika mto Hudson, lakini kwa Ulaya, stima ya kwanza kuchukua abiria kwa nauli na kwa ratiba ndiyo hii.

Bell hakutajirika. Wengine waliona, wakaiga, wakajenga kubwa zaidi, na katika miaka michache mto ule ukajaa moshi. Yeye akaihamisha Comet kwenda pwani ya magharibi, hadi Oban na Fort William, ambako hapakuwa na washindani kwa sababu hapakuwa na faida. Mwezi wa Desemba 1820 mkondo mkali wa rasi ya Craignish ukaibamiza juu ya miamba, ikavunjika. Hakufa mtu. Comet ya pili iliyofuata haikuwa na bahati hiyo: mwaka 1825, usiku, karibu na Gourock, iligongana na stima nyingine iitwayo Ayr ikazama, na watu zaidi ya sitini wakapotea. Bell alikufa mwaka 1830 akiishi kwa pensheni ndogo. Mtambo wake wa Comet umehifadhiwa London katika jumba la makumbusho ya sayansi, ambako watoto wa shule hupita mbele yake wakiomba aiskrimu.

Angalieni basi jinsi njia ilivyogawanyika tangu siku za kwanza. Kulikuwa na maji mawili. Ya kwanza ni Clyde, karibu na jiji lenye viwanda na watu maelfu kwa maelfu. Ya pili ni magharibi na visiwa vyake, Mull, Skye, Uist, Lewis na vinginevyo, watu wachache wasemao Kigaeli, wengi wao maskini, na bahari isiyo na adabu. Penye watu meli zilipigana. Pasipo watu meli ziliombwa.

Kule Clyde mapigano yalikuwa ya kuchekesha, kama hukuwamo ndani. Kila mwezi wa Julai viwanda vya Glasgow vilifungwa, na kila mwenye shilingi alikwenda mtoni kupunga upepo: Dunoon, Rothesay, Largs, Millport. Stima zilikimbizana kuwahi gati, maana aliyefika wa kwanza ndiye aliyepakia. Manahodha walilisha moto mpaka dohani zinang'aa. Wakagombea nafasi mpaka zikagongana. Mwishowe, karibu na mwisho wa miaka ya 1880, ikabidi magati yawekewe ishara za kumwonyesha nahodha yupi aingie kwanza.

Halafu yakaingia makampuni ya reli, na mchezo ukawa mkubwa. Mto wenyewe hapo Glasgow ulikuwa unanuka. Uchafu wote wa jiji ulimwagwa humo, na abiria wa daraja la kwanza hawakupenda kuanza likizo yao wakiwa wameziba pua. Kwa hiyo reli zikajengwa hadi pwani, treni ikakutana na meli: Wemyss Bay mwaka 1865, Craigendoran mwanzoni mwa miaka ya 1880, Gourock mwaka 1889. Makampuni matatu ya reli, kila moja na meli zake na rangi zake, yakashindana kwa dakika kumfikisha bwana mmoja kutoka ofisini kwake Glasgow hadi kwake Rothesay kabla chai haijapoa. Meli tatu zilikwenda mahali pamoja kwa saa moja, kila moja ikiwa nusu tupu. Kabla ya vita ya 1914 makampuni hayo yalikwisha kukaa kitako na kukubaliana kupunguza, maana fedha zilikuwa zinapotea kama mvuke wenyewe.

Siwezi kupita hapa bila kusema habari ya pombe, maana wanachama wenzangu watanilaumu. Mwaka 1853 sheria ilifunga baa zote za Uskoti siku ya Jumapili. Lakini sheria haikuigusa stima iliyo safarini. Basi Jumapili watu wa Glasgow walipatwa ghafla na mapenzi makubwa ya hewa ya bahari. Walipanda, wakanywa tangu kung'oa nanga mpaka kutia nanga, na wako wasemao kwamba ndiyo maana hata leo mlevi huko huitwa kwa neno linalotokana na mvuke. Watu wenye heshima zao wakachukia. Mwaka 1880 nahodha James Williamson akaleta meli iitwayo Ivanhoe ambayo haikuuza hata tone la kileo. Wengi walimcheka. Meli ikajaa. Familia zilipanda na watoto wao, na biashara ikawa njema.

Ushindani ule ulikuwa na faida moja ambayo mimi kama fundi lazima niiheshimu. Ulizaa ufundi. Mwaka 1901 kiwanda cha Denny huko Dumbarton kilitoa meli King Edward, ya kwanza duniani kuchukua abiria kibiashara kwa mitambo ya turbini. Katika mtambo wa zamani mvuke husukuma pistoni juu na chini, kama mtu anayetwanga. Katika turbini mvuke hupuliza mapanga mengi madogo yaliyopangwa juu ya mhimili, nao huzunguka moja kwa moja, bila kutwanga, bila mtikisiko. Abiria wa King Edward walikwenda hadi Campbeltown kwa kasi iliyofika maili ishirini za bahari kwa saa katika majaribio, na chai kikombeni haikutikisika. Miaka michache baadaye meli kubwa za Atlantiki zikafuata, na Lusitania, iliyojengwa mto huo huo, ilikuwa ya turbini.

Sasa tuondoke Clyde twende magharibi.

Huko, tangu mwaka 1851, kulikuwa na kampuni ya Hutcheson, na ndani yake kijana mmoja David MacBrayne, ambaye mwaka 1879 akabaki mwenye mali peke yake. Jina lake likawa jina la meli. Mtu wa visiwani hakusema "meli inakuja", alisema "MacBrayne anakuja". Walimtania hata kwa kuigeuza zaburi moja, wakimpa Mungu dunia yote isipokuwa visiwa vile, ambavyo ni vya MacBrayne. Fahari yake ilikuwa Columba ya mwaka 1878, futi 301, yenye ofisi ya posta na kinyozi ndani, iliyobeba matajiri kila kiangazi kutoka Glasgow hadi Ardrishaig mpaka mwaka 1935. Lakini Columba ilikuwa meli ya kiangazi. Baridi ilipoanza, wenye kofia nzuri walirudi mjini, na zikabaki meli ndogo na za zamani kwenda na barua kwenye visiwa ambavyo vingine havikuwa na gati. Meli ilisimama nje, mashua ikaja na makasia, na mtu akarushwa kutoka hapa kwenda pale pamoja na kuku wake. Ng'ombe waliogeleshwa.

Na hapa nataka kuwasimulia usiku mmoja, wa kuamkia Januari 1, 1919.

Vita kuu ilikuwa imekwisha wiki saba tu. Kisiwa cha Lewis kilikuwa kimetoa wanaume wengi mno kwa jeshi la majini, maana ni wavuvi, na waliobaki hai walikuwa wanarudi kwa sikukuu ya mwaka mpya. Treni ziliwashusha Kyle of Lochalsh, mamia yao. Meli ya barua ya kawaida, Sheila, ilikuwa haiwezi kuwachukua wote. Basi jeshi likaleta chombo chake, Iolaire, jina ambalo kwa Kigaeli ni tai. Wakapanda watu kama 280. Maboya ya kuvaa yalikuwa 80, na nafasi katika mashua za kuokolea zilikuwa za watu 100.

Karibu saa nane za usiku, kwa dhoruba na giza, taa za mji wa Stornoway zikionekana, Iolaire ilikosa mlango wa bandari ikapanda juu ya miamba. Ilikuwa hatua chache tu kutoka nchi kavu, kama yadi ishirini. Lakini mawimbi kati ya meli na nchi yalikuwa yanaua. Fundi mmoja wa kujenga mashua kutoka Ness, John F. Macleod, alijifunga kamba akaruka, akafika pwani akiwa hai, na kwa kamba ile watu kama arobaini wakavutwa. Waliookoka wote ni 79. Waliokufa ni 201. Nyumbani mama zao walikuwa wameacha taa zikiwaka na nguo kavu karibu na moto. Asubuhi mikokoteni ndiyo iliyozunguka vijijini. Inasemwa kwamba kwa miaka mingi watu wa Lewis hawakulizungumza jambo lile hata ndani ya nyumba zao.

Iolaire haikuwa meli ya abiria. Ndiyo maana naitaja. Ilipelekwa kwa sababu meli ya abiria ilikuwa ndogo, na ilikuwa ndogo kwa sababu siku za kawaida abiria wa Lewis hawakuweza kuilipia iliyo kubwa kuliko ile.

Miaka minane baadaye shida ile ikawa wazi kwa kila mtu. Katika mwaka mmoja, 1927, kampuni ya MacBrayne ilipoteza meli tatu: Sheila yenyewe na Chevalier zilivunjika miambani, na Grenadier ikaungua gatini Oban pamoja na watu watatu. Mkataba wa barua wa serikali ulipokwisha, kampuni ikasema haiwezi tena, na hakuna mwingine aliyejitokeza kuutaka. Fikirini hilo: njia ya maisha ya visiwa vyote vile, na sokoni hakuna anayeitaka hata bure. Mwaka 1928 jambo likafika Bungeni London. Likapatikana shauri: kampuni moja ya reli na kampuni moja ya meli zichukue nusu kwa nusu, serikali iongeze ruzuku, nao wajenge meli mpya na kupunguza gharama za mizigo. Jina la MacBrayne likabaki juu ya dohani nyekundu, lakini tangu siku ile mlipaji wa kweli alikuwa hazina ya umma.

Kwa kisiwa kimoja shauri lile halikusaidia kitu. Kisiwa hicho ni St Kilda, kilicho mbali katika Atlantiki, kama maili arobaini kutoka visiwa vingine. Watu wake waliishi kwa kondoo na kwa ndege wa baharini waliowanasa majabalini. Wakati wa kiangazi stima za watalii zilikuja, Dunara Castle na Hebrides, zikiwa na wageni wanaotaka kuwatazama kama watu wanavyotazama wanyama, na kununua mayai ya ndege. Kila meli ikija, mafua yalifuata. Baridi ilipoingia hakuna aliyekuja kabisa. Mwaka 1877 mwandishi mmoja, John Sands, alikwama huko pamoja na mabaharia waliovunjikiwa na meli, na chakula kikapungua. Akafunga barua kwenye boya akalitupa baharini. Siku tisa baadaye liliokotwa Orkney, na manowari ikaja. Tangu hapo ikawa ndiyo posta yao: kijiti kilichochongwa kama mashua, barua ndani, na kibofu cha kondoo kilichopulizwa kikiwa tanga na boya kwa pamoja. Kwa upepo mzuri barua ilifika Lewis. Kwa upepo mwingine ilifika Norway.

Vijana wakahama, wazee wakabaki, mikono ya kuvuta mashua ikawa haitoshi. Mwaka 1930 watu wenyewe wakaandika ombi la kuondolewa. Dunara Castle ikachukua kondoo na ng'ombe. Tarehe 29 Agosti manowari Harebell ikachukua watu, wote 36. Inasimuliwa kwamba katika kila nyumba waliacha Biblia imefunguliwa na nafaka kidogo, na milango wakaifunga. Walikuwa wamekaa kisiwani kwa maelfu ya miaka, wao na waliowatangulia.

Baada ya Vita ya Pili motokaa ikabadilisha mambo, maana sasa aliyesafiri alitaka kuingia melini na gari lake. Meli za kuingiza magari kwa mlango wa nyuma zikaanza, na moja ya za kwanza, Princess Victoria, ilifanya safari kati ya Stranraer na Larne huko Ireland. Tarehe 31 Januari 1953 ilitoka katika upepo wa kutisha. Mawimbi yakavunja milango ya shetri, maji yakajaa sitaha ya magari, na maji yakishaingia hayakuwa na tundu la kutosha la kutokea. Opereta wa redio, David Broadfoot, hakuondoka kwenye chombo chake mpaka mwisho. Walikufa 133, na hakuna mwanamke wala mtoto hata mmoja aliyepona. Uchunguzi ukasema milango ilikuwa dhaifu. Kila mmoja wetu anayepanda kivuko chenye mlango mkubwa wa magari angalau na autazame mlango ule kabla hajaenda kutafuta kiti.

Hatua za mwisho nazipita haraka. Mwaka 1964 serikali ilijenga kwa fedha zake meli tatu za magari kwa ajili ya visiwa vya magharibi, mwaka 1969 kampuni yote ikawa mali ya umma, na Januari 1, 1973 ikaunganishwa na ile ya Clyde kuwa Caledonian MacBrayne. Mambo ya Jumapili nayo yaliendelea: mwaka 1965 mchungaji mmoja wa Skye, Angus Smith, alilala chini mbele ya magari kupinga kivuko kisivuke siku ya Bwana, na Stornoway haikupata meli ya kawaida ya Jumapili mpaka Julai 2009.

Stima zikafa moja moja. Ikabaki Waverley, iliyoanza safari mwaka 1947 badala ya Waverley nyingine iliyozamishwa Dunkirk mwaka 1940 pamoja na mamia ya askari. Mwaka 1973 iliondolewa kazini, na mwaka 1974 ikauzwa kwa chama cha wapenzi wa stima kwa bei ya pauni moja. Nauli ya basi! Walichangisha, wakaitengeneza, na mwaka 1975 ikarudi majini. Ndiyo meli ya mwisho ya magurudumu duniani inayochukua abiria baharini, na mwaka 2020 iliwekewa boila mpya. Niliipanda nikiwa mwanafunzi. Chumba cha mtambo kiko wazi, abiria hupita kando yake wakauona: pistoni tatu zimelala mshazari, chuma kinang'aa kwa mafuta, nguvu farasi 2,100, na mwendo wake ni wa taratibu kama mtu anayepumua. Nilisimama hapo safari nzima, sikuona kisiwa hata kimoja.

Ndugu Mwenyekiti ameanza kutazama saa, kwa hiyo nimalizie na mambo ya juzi. Wapo wanaodhani kwamba umma ukishakubali kulipa, swali limekwisha. Tangu 2008 nauli za visiwani zilianza kupunguzwa zilingane na gharama ya kuendesha gari umbali huo huo barabarani, na abiria wakaongezeka. Meli hazikuongezeka. Mwaka 2015 ziliagizwa meli mbili kwa pauni milioni 97, katika mji ule ule wa Port Glasgow alikojengewa Comet. Ya kwanza, Glen Sannox, ilishushwa majini Novemba 2017 kwa sherehe kubwa, madirisha yake mengine yakiwa yamechorwa kwa rangi tu. Kiwanda kikafilisika, serikali ikakichukua mwaka 2019, gharama zikapanda mara nyingi. Ilianza kuchukua abiria Januari 2025. Comet ilijengwa kwa miezi michache. Meli nyingine nne serikali ilikwenda kuziagiza Uturuki.

Na katikati ya kungoja huko, Juni 2023, meli ya kisiwa cha South Uist ilipoondolewa kwa mwezi mzima ikazibe pengo mahali pengine, watu kama mia tano walikusanyika gatini Lochboisdale na magari yao, wakapanga foleni ya kupandia meli ambayo haikuwapo. Walikuwa wavuvi, wenye hoteli, wauguzi, na watoto wa shule. Kisiwa kizima kina watu kama elfu mbili hivi. Wakapiga honi zote kwa pamoja.

Wenye maswali juu ya boila na turbini wanifuate kwenye chai.